Inanuka, Inanukia

Mwanangu Tekla,

Begi lako limekaa mlangoni tangu asubuhi, limefungwa zipu mpaka mwisho, linanitazama. Nimeshalihamisha mara tatu, kana kwamba likikaa karibu na dirisha utachelewa kuondoka. Wewe uko njiani kutoka Liuli, ulikoteremka jana kumuaga mama mkubwa Edina, na magari ya huko unayajua, yanafika yanapotaka. Kwa hiyo nina mchana huu mzima peke yangu na kalamu. Nikikaa, nainuka. Kahawa iliyoko kichanjani nimeigeuza mara nyingi hata nadhani imeanza kupata kizunguzungu.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango vizuri, wala za kutopokea soda ya mtu usiyemjua kwenye basi. Hayo baba yako ameshayasema, na kesho alfajiri stendi atayasema tena, na konda atayasikia na yeye. Mimi nina jambo moja tu. Nimelichelewesha umri wako wote, na miezi kadhaa juu yake.

Unakumbuka juzi tulipokuwa tunakula, baba yako na baba mdogo Ditriki walivyogombea kazi yako kama vile wameajiriwa wao. Ulikuwa umewaeleza kwa utulivu kabisa: unaenda Dar kwenye kampuni inayoifundisha akili unde kusikia Kiswahili cha wakulima, ili mtu aliye shambani aiulize simu kwa mdomo, na simu imjibu kwa mdomo.

"Mbwembwe," baba yako akasema. "Nimeona vitu vya namna hii maisha yangu yote. Vinakuja na kofia na fulana, halafu vinaondoka, tunabaki na fulana."

"Kaka, wewe umelala," akasema Ditriki, na vumbi la makaa ya mawe anayoyabeba kutoka Ngaka bado liko kwenye kope zake. "Hii ikikolea, hata lori halitanihitaji. Litajiendesha lenyewe, mimi nitakuwa nyuma nasinzia."

"Kwani sasa hivi husinzii?"

Halafu wakanigeukia mimi. "Mama Tekla, wewe unasemaje? Inafaa, au ni kelele tu?"

Mimi nikaenda kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani. Uliniona, ukacheka, na ili kuniokoa ukawasimulia tena jinsi ulivyoipata kazi yenyewe: kwamba wale wa usaili walikuuliza kwa nini mashine ijifunze Kiswahili cha watu wa huku kwetu, na wewe ukawapa hadithi ya mama yako, mwanamke wa Mbinga, aliyeambiwa anuse gunia la kahawa iliyooza akamwambia meneja "inanukia", kwa sababu hakujua tofauti ya kunuka na kunukia. Wakacheka mpaka wakavua miwani. Wakakupa kazi.

Tekla, hadithi hiyo si ya kweli. Gunia ni la kweli, meneja ni wa kweli, neno nililitamka. Ila tofauti nilikuwa naijua.

Ngoja nikageuze kahawa.

Nimerudi. Ilikuwa miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa. Kabla ya hapo kahawa yote ya Mbinga ilipita mlango mmoja, wa ushirika, upende usipende. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na gari lake na mizani yake na maneno yake. Redio ikatangaza soko huria. Bibi yako akauliza huyo Huria ni mtoto wa nani, mbona hajaja kujitambulisha. Mmoja wa hao wanunuzi akafungua kiwanda kidogo cha kukoboa hapa mjini. Hakipo tena, na jina lake halitusaidii. Mimi nikapata kibarua cha kuchambua: wanawake tumekaa kwenye meza ndefu, kahawa inamwagwa katikati, mbovu huku, nzima kule, kutwa.

Pale ndipo nilipokutana na Edina. Aliletwa Mbinga na ndoa, ndoa ikaondoka, yeye akabaki. Alikuwa mchambuaji hodari kuliko sisi sote, na si kwa sababu ya macho. Kuna punje inaitwa punje ya mvundo. Ni ile iliyonasa kwenye mashine ya kumenyea tangu jana, ikaozea humo, leo ikatoka pamoja na wenzake. Kwa macho ni nzuri kabisa, pengine nzuri kukushinda wewe. Lakini ikaangwe, isagwe, ndoo nzima ya kahawa inakuwa kama maji ya mtaro. Edina alikuwa anaikwaruza kwa ukucha, anaipeleka puani, halafu anakunja pua upande mmoja, wa kushoto. Basi. Imeshahukumiwa.

"Umejifunzia wapi?" nilimwuliza.

"Kwenye usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani. Ukiacha usipa mmoja aliyeoza kwenye kapu, wateja wanakuhama hadi Lituhi."

"Nyie wa ziwani mmezaliwa na pua za paka."

"Na nyie wa milimani mmezaliwa na mafua."

Tukawa marafiki namna hiyo, kwa kutukanana. Alinifundisha ile namna ya ukucha, na pua yangu ikafunguka, si kama yake, ila ikafunguka.

Ndipo ikaja mashine. Ililetwa ndani ya sanduku la mbao, na meneja akasimama mbele yake kama bwana harusi. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akatueleza kwamba ndani mna jicho la umeme. Kahawa inadondoka punje kwa punje, jicho linaitazama kila moja, ikiwa mbovu inapulizwa pembeni kwa hewa. Pu! Akaiwasha. Pu, pu, pu.

"Skola," akaniita, maana jina langu la Skolastika limekuwa na shule kuliko mimi mwenyewe, "wewe mdadisi. Unaionaje?"

"Ina kifua, bwana," nikasema. "Ipelekwe hospitali. Hapa haina kazi."

Meza nzima ikaangua kicheko, na mimi nikajisikia mtu. Nilikuwa sijaitazama hata dakika moja. Kufika jioni ilikuwa imemaliza rundo ambalo sisi lingetufikisha Jumamosi, na imelimaliza vizuri: nyeusi zote, zilizovunjika zote, zilizotobolewa na wadudu zote. Nilipekua upande wa kahawa nzima nitafute kosa, sikulipata. Hacheki mtu tena. Hilo ni kosa langu la kwanza, na ndilo dogo: nilikidharau kitu kwa sababu kilinitisha, nikalipwa kicheko.

Meneja naye alikuwa na utani wake. "Kwa kuwa umeitukana," akasema, "wewe ndiye utakayeifundisha."

Basi nikawa mwalimu. Kazi yenyewe ilikuwa kuipa mashine mfano wa punje nzuri na mfano wa punje mbaya, halafu kuzungusha kitufe polepole mpaka ikubaliane na wewe. Na pembeni ya mashine, Tekla, palikuwa na kiti. Kiti chenye mgongo. Mezani tulikuwa na mabenchi. Mimi nilikuwa na mimba yako, miguu imevimba kama mikate, na nakwambia ukweli, nilikipenda kile kiti kabla sijaipenda mashine. Sikutupii lawama. Ulikuwa hujafikia hata ukubwa wa parachichi.

Sasa lile neno. Siku moja mhudumu alileta chai ya meneja, ya tangawizi, harufu ikajaa chumba kizima. Nikataka kumsifu. Nikamwambia, "Bwana, chai yako inanuka!"

Akaweka kikombe chini. Akakitazama. Akanitazama.

"Inanukia, Skola. Chai inanukia. Biriani inanukia. Choo kinanuka. Tumeelewana?"

Wachambuaji walisikia wote. Wiki nzima hakukuwa na salamu nyingine pale kiwandani. "Shikamoo dada, choo kinanuka?" "Marahaba, biriani inanukia." Bibi yako kwa lugha ya nyumbani hakuhitaji maneno mawili, alisema jambo na uso wake ukamalizia. Lakini mimi Kiswahili hicho nilifundishwa mbele ya watu, kwa aibu, na kitu ulichofundishwa kwa aibu huwezi kukisahau. Edina alikuwepo. Yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Haikupita muda meneja akataka kuiondoa ile meza. Mashine inatosha, alisema, labda tuijaribu mara ya mwisho. Tukapitisha gunia zima. Edina akaja, akachota kiganja upande wa kahawa nzima, akakwaruza, akanusa, akakunja pua. Akaweka punje moja juu ya mashine. Akanusa nyingine. Akaweka ya pili, na ya tatu.

"Hili jicho lenu," akasema, "pua yake iko wapi?"

"Mama, tusipotezeane muda," meneja akasema, si kwa ukali. Kisha akanigeukia. "Skola, wewe ndiye unayeijua. Nusa gunia uniambie."

Nilinyanyuka kwenye kiti. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Nikakwaruza, nikanusa. Usije ukafikiri mimba iliniziba pua. Mimba hunoa pua, wewe utakuja kuona. Siku zile nilikuwa nasikia harufu ya sabuni ya jirani. Gunia lile lilikuwa linanuka, na nilijua kwamba nikisema hivyo meza itabaki na kiti kitaondoka, maana mashine isiyotosha haihitaji mwalimu wa kudumu. Niliyafikiria haya yote kwa muda wa pumzi moja. Inashangaza jinsi mtu anavyoweza kufikiri haraka akiwa anafanya vibaya.

"Inatokaje?" akauliza.

"Inanukia, bwana."

Akafurahi. Hakunisahihisha, kwa sababu hakukuwa na cha kusahihisha. Edina alinitazama tu. Pua yake imenyooka.

Wiki ile ile meza ikatolewa nje, na wanawake wale wakarudi makwao na kanga zao kiunoni. Mimi nikakaa.

Kahawa ikapelekwa mnadani Moshi. Ikakataliwa. Meneja akaja na karatasi mkononi, amekuwa mwembamba ghafla. "Skola! Si ulisema inanukia?"

Hapo bado nilikuwa na mlango wa kutokea kama mtu mzima. Nikachagua dirisha.

"Ndiyo, bwana. Ilikuwa inanukia. Kama choo."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Choo kinanuka, Skola! Kinanuka!"

"Samahani bwana. Kiswahili sisi tumekikuta shuleni."

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti changu. Akajilaumu yeye kwa kuamini neno la mtu ambaye lugha si yake, na hadithi ikatoka getini ikazunguka mji mzima, ikafika kanisani, ikafika kwa baba yako, ikakusubiri wewe uzaliwe. Umeipokea ungali mtoto, umeisimulia shuleni, umeisimulia chuoni. Kila ukiisimulia mimi huinuka kwenda kutafuta kitu. Sasa unajua.

Wakaitwa wanawake wachache warudi, wakae mwisho wa mashine wanuse. Edina alikuja pia, ila alikuja kuchukua kanga yake iliyobaki msumarini. Alipita mbele ya kiti. Hakupaza sauti.

"Skola," akasema. "Wewe Kiswahili unakijua."

Akateremka Liuli, akarudi kwenye usipa wake. Ulipozaliwa alituma kapu. Ulipokwenda kusoma sekondari kule ziwani alikulaza kwake miaka yote minne, na wewe ukamwita mama mkubwa, na hakukwambia hata neno. Mimi nilisema sitaki kuteremka kwa sababu kona za ile barabara zinanichafua tumbo. Siku hizi wametia lami, kona zimepungua ukali, mimi bado tumbo.

Na mashine? Ungependa nikwambie ilikufa, lakini haikufa. Ikiwa na wanawake wawili wa kunusa pembeni yake ilifanya kazi nzuri miaka mingi, mpaka kiwanda kilipofungwa kwa sababu ambazo haikuhusika nazo. Niliitukana, nikakosea. Niliisifu, nikakosea vibaya zaidi. Yenyewe siku zote ilikuwa kitu kile kile: jicho zuri, lisilo na pua. Ndiyo maana juzi nilikimbilia chumvi. Swali lile nimeshaulizwa, na nimeshalijibu kwa namna zote mbili.

Kuna pikipiki imepita, nikadhani ni wewe. Si wewe.

Nikuungamie na dogo. Mwezi huu, ukilala mchana, nilikuwa nachukua simu yako nazungumza na hiyo akili unde. Niliisomea kibandiko cha dawa ya kahawa kilichoandikwa lugha wanayoijua wao, ikanieleza kipimo, nikaenda kumwuliza bwana shamba, akasema ndicho. Miaka mingi nimekuwa nachanganya dawa hiyo kwa kubahatisha. Ikanifafanulia na karatasi ya kliniki ya baba yako kwa upole kuliko walioiandika. Nikasema, eh, huyu mtu. Halafu nikaiuliza juu ya ngoro, kilimo chetu cha mashimo. Ikanishauri niyafukie mashimo yangu yote yaliyoko mlimani ili maji ya mvua yasituame. Mwanangu, mashimo hayo ndiyo yanayoushika mlima huu usiteremke wote ziwani! Nikaibishia. Ikaniomba radhi, ikanisifu kwa swali zuri, ikanipa jibu jingine, nalo si sahihi.

Kukosea hakukunisumbua. Hata bwana shamba hukosea. Kilichoninyima raha ni kwamba ilipokuwa inasema kweli na ilipokuwa inakosea, sauti ni ile ile. Edina akiwa na shaka, pua inakunjika. Baba yako akidanganya, anajikuna shingo. Mimi natafuta chumvi. Ile haina mahali pa kukunja. Kwa hiyo wa kukunja ni mtu aliyekaa pembeni yake, na mtu huyo, kuanzia Jumatatu, ni wewe. Watakupa kiti. Ni kizuri, kina mgongo, hata magurudumu siku hizi. Siku moja mtu mpole mwenye Kiswahili cha pasi atakugeukia akuulize inatokaje. Wewe pua yako nzuri, imelelewa Liuli. Mimi yangu pia ilikuwa nzuri.

Na huna haja ya kungoja siku hiyo, maana imeshafika. Ulisema wanataka ukifika uirekodi ile hadithi kwa sauti yako, iwe mfano wao wa kwanza, na pembeni waandike kwamba watu wa huku husema inanukia wakimaanisha inanuka. Nimekaa nikaifikiria hiyo hadi chakula kikaungua. Atatokea mama mmoja wa Kigonsera, kahawa yake ameivundika vizuri, ameiosha, ameianika, anaiambia simu kwa furaha kwamba inanukia. Simu itamwambia aimwage. Mashine itakuwa imefundishwa kwamba mama yako ni mjinga, kumbe mama yako ni mwongo, na hayo ni mambo mawili yanayotaka dawa tofauti.

Najua hadithi hiyo ndiyo iliyokupa kazi. Najua ukiwaambia ya kweli huenda wasicheke, huenda wakakutazama vingine siku yako ya kwanza. Nimejiuliza kama nina haki ya kukutia mzigo huu kwenye begi lililokwisha kufungwa. Pengine sina. Lakini nilinyamaza mara moja kwa ajili ya kiti nikiwa nawe tumboni, sitaki uingie kwenye kiti chako nikiwa bado nimenyamaza.

Umefika. Nakusikia bafuni, unaimba, maji yanamwagika ovyo, na mimi namalizia haya huku jikoni nimeyaficha chini ya ungo. Umeingia na vumbi la barabara na fundo la usipa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Nimekuuliza Edina hajambo, ukasema hajambo, anakusalimu. Nimekuuliza hakusema kitu kingine?

"Amesema nikwambie," ukasema, na ulikuwa unacheka, ukidhani ni ule utani wetu wa siku zote, "hawa usipa wananukia."

Nikakwambia ukaoge kabla maji hayajapoa.

Ulipoingia bafuni nimelifungua fundo. Nikamtoa mmoja, nikamvunja, nikampeleka puani kama alivyonifundisha. Ni wakavu, wa jua kali, hawana hata dalili ya kuoza. Yaani wananukia kweli. Kwa hiyo sijui kama amenisamehe, au amenionyesha tu jinsi neno lile linavyotumika. Nitateremka mwenyewe Alhamisi nikamwulize. Tumbo litajijua.

Nusu ya usipa nimekuwekea juu kabisa ya begi, na barua iko chini yao. Kwa hiyo utakapoisoma mikono yako itakuwa na harufu. Wewe ndiye utakayechagua neno.

Mimi mama yako,
Skolastika, ambaye Kiswahili anakijua.